Nchi Kavu na Taa ya Bahari: Safari ya Masasi na Newala

Mji wa Masasi uko bara, zaidi ya kilomita 100 kutoka ufukwe wa Bahari ya Hindi, lakini habari za kukua kwake haziwezi kusimuliwa bila kutaja chombo kilichong'oa nanga Unguja. Mwishoni mwa mwaka 1876 Askofu Edward Steere, mkuu wa misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa kifupi cha UMCA, aliondoka Unguja akiwa na kundi la wanaume na wanawake waliokombolewa kutoka utumwani, wengi wao wakiwa wenye asili ya nchi zilizo kati ya pwani ya kusini na Ziwa Nyasa. Walishuka Lindi, wakapanda bara kwa miguu, na walipofika penye majabali ya Masasi, katika nchi iliyokwisha kuwa na wenyeji wake, waliona ardhi ni nzuri na maji yapo, na safari iliyokusudiwa kufika ziwani ikaishia hapo. Kwa hiyo Masasi ni mji wa bara ambao sehemu moja ya ukoo wake ilikuja kwa bahari, na mji wa namna hiyo una haki ya kuulizia habari za bahari kama unavyoulizia habari za mashamba yake. Makala haya yanaifuata njia ya kutoka Masasi kupanda Newala na kushukia Mtwara, na njiani yanaeleza kitu ambacho hakipo katika njia hiyo lakini kinahusika nayo, yaani mnara wa taa, ule mnara mrefu unaojengwa kisiwani au kwenye ras ili kuwaonyesha mabaharia mahali walipo wakati wa giza. Mnara uliochaguliwa ni wa kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji wa Unguja, kwa kuwa umesimama katika njia ya vyombo vinavyotoka bandari hiyo kwenda kusini, na ulijengwa miaka 28 baada ya Steere na watu wake kuondoka.

Majabali ya Masasi ndiyo yanayomkabili kwanza mgeni anayeingia mjini. Mtandi, ambao chini yake lipo kanisa kuu la dayosisi, na Mkomaindo, uliolipa jina hospitali ya mji, ni milima ya mwamba mtupu inayochomoza ghafla kutoka kwenye tambarare, bila vilima vya kuitangulia, mithili ya migongo ya nyangumi iliyokwama nchi kavu. Wilhelm Bornhardt, mwanajiolojia Mjerumani aliyezunguka kusini mwa nchi hii katika miaka ya 1890 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1900, ndiye aliyeipa milima ya aina hii jina ambalo wataalamu wa dunia nzima wanalitumia hadi leo, na maana ya jina hilo kwa Kiswahili ni milima-kisiwa, kwa sababu tambarare aliiona kama bahari na majabali aliyaona kama visiwa vilivyotapakaa juu yake. Chanzo cha umbo hilo ni mmomonyoko wa muda mrefu mno, ambao uliondoa miamba laini kidogo kidogo na kuacha ile migumu ikiwa imesimama peke yake. Jina alilolitoa Bornhardt linafaa kuliko pengine alivyodhani mwenyewe, maana mpagazi aliyetembea katika nchi hii iliyojaa miti alishika njia kwa kuliweka jabali fulani upande fulani wa bega lake, na huo ndio ufundi wa nahodha anayeingia bandarini mchana, ambaye huulinganisha mnazi mrefu na paa la msikiti, au kilele cha mlima na ncha ya ras, na viwili hivyo vikisimama katika mstari mmoja anajua kwamba yuko kwenye maji ya kina. Vitu vya namna hiyo mabaharia huviita alama, na mwambao wote wa Waswahili umejaa alama ambazo hazijaandikwa popote isipokuwa vichwani mwa manahodha.

Jua likizama, alama zote hufutika. Jabali la Mtandi halihami usiku, na msafiri wa nchi kavu anaweza kuwasha moto na kungoja alfajiri palepale alipo, lakini chombo hakina mahali pa kuketi. Maji ya pwani ya Afrika Mashariki yana mkondo unaoelekea kaskazini mwaka mzima, kwa hiyo chombo kinachokwenda Lindi kutoka Unguja, safari ya zaidi ya kilomita 400, husukumwa kinyume na kinakokwenda hata pale upepo unapokisaidia. Juu ya hayo, wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na fungu lililokuwa limefunikwa kabisa huwa limetoka nje baada ya saa sita hivi. Nahodha wa zamani aliyelazimika kusafiri usiku alikuwa na nyota, alikuwa na dira, na alikuwa na bildi, ambayo ni risasi nzito iliyofungwa kwenye kamba yenye vipimo na kutupwa majini ili kujua kina. Na wengi wao, kwa busara, waliona heri kutia nanga nyuma ya kisiwa jua linapotua kuliko kuyategemea yote matatu. Katika njia hiyo ya kusini yapo matumbawe ya Mafia, yapo mafungu ya Songosongo, ipo milango ya Kilwa, na kila kimoja kati ya hivyo kimewahi kuwa kaburi la vyombo.

Haifai kusahau ni nani waliokuwa wakisafirishwa katika maji hayo. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba uliotiwa saini na Sultani Barghash mwaka 1873, miaka mitatu tu kabla ya safari ya Steere, na miongoni mwa waliokwenda kuanza maisha Masasi walikuwamo watu waliowahi kuvuka bahari hiyohiyo wakiwa wamefungwa ndani ya tumbo la jahazi, pasipo kujua wanapelekwa wapi. Kwao bahari haikuwa mandhari. Ukweli huu ndio unaoifanya historia ya taa za pwani kuwa pia historia ya watu wa Masasi, kwa maana taa ni ahadi kwamba anayesafiri ataelezwa mahali alipo, na watu hao walikuwa wamesafirishwa kwanza katika hali iliyo kinyume kabisa cha ahadi hiyo.

Bandari ya Unguja ilipata mnara wake wa taa kabla ya Chumbe. Mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la kifahari lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ulisimama mnara wenye taa uliokuwa ukielekeza meli zilizotia nanga mbele ya mji, hadi tarehe 27 Agosti 1896, siku ambayo manowari za Kiingereza ziliyapiga mizinga majumba ya Sultani katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Mnara huo ukaharibiwa, na jumba lilipokarabatiwa liliwekewa mnara wa saa kwenye uso wake. Taa ya mbele ya jumba, hata hivyo, ilikuwa taa ya mwenye kufika, yaani ilimpokea aliyekwisha kuvuka hatari zote. Kilichokosekana ni taa ya mwenye kuja, inayosimama nje, penye miamba yenyewe, kumwonya mtu angali mbali. Kazi hiyo ndiyo iliyopewa kisiwa cha Chumbe, kisiwa kidogo cha jiwe la matumbawe chenye urefu wa kilomita moja hivi na upana wa mita mia chache tu, kilicho yapata kilomita 12 kutoka Mji Mkongwe, ambako utawala wa Kiingereza ulijenga mnara wa mawe mwaka 1904. Pembeni yake zilijengwa nyumba ya mtunza taa na msikiti mdogo.

Kutoka Masasi barabara ya Newala hukata tambarare kwanza, kisha hukutana na ukuta. Neno ukuta halijatumika hapa kwa kutia chumvi, kwa sababu Uwanda wa Makonde ni meza ya mchanga na mawe laini iliyoinamia upande wa bahari, ambayo upande wake wa mashariki hushuka taratibu kuelekea pwani, na upande wake wa magharibi, unaotazama Masasi, hukatika kwa mteremko mkali. Gari hupanda kwa kona baada ya kona, udongo hubadilika kuwa mwekundu, hewa hupoa, na msafiri anapofika juu hujikuta katikati ya mikorosho, hana tena dalili ya kwamba amepanda, mpaka atakapofika Newala yenyewe na kupelekwa kwenye ukingo unaoitwa Shimo la Mungu, ambako ardhi huishia mbele ya vidole vya miguu na macho huanguka hadi bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo yake.

Ukingo huo ni mahali pazuri pa kuelewa jambo la kwanza katika ufundi wa minara, ambalo ni urefu. Dunia ni duara, na kwa sababu ya duara hilo mwanga hata uwe mkali kiasi gani hauwezi kumfikia mtu aliye chini ya upeo wa macho. Wanamaji hutumia hesabu rahisi: chukua urefu wa kitu kwa mita, tafuta kipeo chake cha pili, zidisha kwa 3.85, na jibu ni umbali wa upeo kwa kilomita. Taa iliyo mita 36 juu ya bahari, kwa mfano, ina kipeo cha pili cha 6, hivyo upeo wake uko kilomita 23. Baharia ambaye macho yake yako mita 4 juu ya maji ana upeo wake wa karibu kilomita 8. Na viwili hivyo vikijumlishwa, baharia huyo anaweza kuiona taa akiwa umbali wa kilomita 31, ilimradi hewa ni safi na taa ina nguvu ya kutosha. Hesabu hiyohiyo ikifanywa kwa ukingo wa Newala, ulio mamia ya mita juu ya usawa wa bahari, upeo unafika kwenye kilomita 100. Pamoja na hayo yote Newala haiioni bahari, kwa kuwa pwani iko mbali zaidi ya hapo, na uwanda wenyewe umelala katikati. Ni mnara ulioigeuzia bahari mgongo. Wakuu wa vita na watawala waliithamini Newala kwa sababu ya kuona mbali, na boma lake lilipiganiwa mwaka 1916, Wareno walipovuka Ruvuma wakalichukua na kabla ya mwaka kwisha wakafukuzwa na Wajerumani.

Jambo la pili ni nguvu ya mwanga, na hapo urefu hausaidii kitu. Mwali wa taa ya mafuta hutawanya mwanga kila upande, sehemu kubwa ikipotelea angani na nyingine ikimulika mawe ya mnara wenyewe, ilhali baharia anahitaji mwanga huo wote uelekezwe mahali pamoja tu, yaani kwenye mstari ambapo bahari hukutana na mbingu. Augustin Fresnel, mhandisi wa Kifaransa, alilitatua tatizo hilo katika miaka ya mwanzo ya 1820 kwa lenzi ambayo haikuwa bonge moja zito la kioo, bali pete nyingi za kioo zilizopangwa kuzunguka jicho moja la katikati, kila pete ikiwa imekatwa kwa pembe yake ili kuupinda mwanga kiasi kinachotakiwa, na juu na chini ya pete hizo vipande vya pembe tatu vya kuurudisha ule ambao ungepotea. Lenzi ya kwanza ya aina hiyo iliwashwa mwaka 1823 katika mnara wa Cordouan, kwenye mlango wa mto Gironde nchini Ufaransa. Mtu akiisogelea lenzi kama hiyo mchana huona sura yake imekatwakatwa vipande vingi, kama anayejitazama kwenye maji yanayotikisika, na usiku kibatari kilichowekwa ndani yake kinaweza kuonekana kama nyota kutoka umbali wa kilomita nyingi.

Jambo la tatu, ambalo watu wa nchi kavu hulisahau, ni kwamba taa lazima itambulike. Pwani yenye taa nyingi zinazofanana ni hatari kuliko pwani yenye giza, kwa sababu giza humfanya nahodha awe mwangalifu, na taa asiyoijua humpa uhakika wa uongo. Kwa hiyo kila mnara hupewa mwendo wake wa kuwaka na kuzimika, mmoja ukimetameta mara moja kila baada ya sekunde kadhaa, mwingine ukimetameta mara mbili na kunyamaza, na mienendo hiyo yote huandikwa katika vitabu vya taa ambavyo manahodha hubeba pamoja na ramani zao. Baharia huhesabu sekunde kama mchezaji ngoma anavyohesabu mapigo, na akishaujua mwendo, amejua jina la mahali.

Zamani mwanga na mwendo wake vilitegemea binadamu aliyekesha. Mtunza taa alipanda ngazi jioni, akasafisha masizi kwenye vioo, akajaza mafuta, akawasha utambi, na akaamka usiku kuhakikisha mwali haujashuka, kwa maana usiku mmoja wa usingizi ungeweza kuwa usiku wa mwisho kwa watu asiowafahamu. Ndipo mwaka 1926 taa ya Chumbe ilipobadilishwa na kuwekewa mfumo wa gesi wa kampuni ya AGA ya Sweden, mfumo ambao unastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ni moja ya kazi nzuri kabisa za ufundi wa karne ya 20, na kwa sababu haukutumia hata chembe ya umeme.

Gesi yenyewe inaitwa asetilini, nayo hupatikana kwa kumwagia maji kabaidi, aina ya jiwe linalotengenezwa kiwandani. Huwaka kwa mwali mweupe mkali, lakini ikishindiliwa kwenye mtungi hulipuka kwa urahisi mno. Gustaf Dalén, mhandisi wa Sweden, aliidhibiti kwa kuujaza mtungi kitu chenye vitundu vingi kama sifongo, kilicholowekwa asetoni, na gesi ikayeyuka ndani ya asetoni hiyo kama sukari inavyoyeyuka katika chai, ikawa salama kusafirishwa. Kisha akatengeneza kifaa cha kumetesha taa, ambacho ndani yake mna kiwambo cha ngozi: gesi huingia polepole na kukivimbisha kiwambo, kiwambo kikifika kikomo hufungua tundu, gesi hutoka yote kwa mkupuo na kuwashwa na kimwali kidogo kisichozimika, kisha kiwambo hunywea, tundu hujifunga, na mzunguko huanza upya. Mwanga hupatikana kwa kitambo kifupi tu, lakini gesi inayotumika ni ndogo kiasi kwamba mitungi michache inaweza kutosha miezi mingi.

Uvumbuzi wake mkubwa zaidi ulikuwa vali ya jua, ambayo huizima taa asubuhi na kuiwasha jioni bila mkono wa mtu. Ni vijiti vinne vya chuma vilivyosimamishwa ndani ya kioo, vitatu vikiwa vimeng'arishwa vikameremeta na kimoja cha katikati kikiwa kimepakwa weusi. Mwanamke yeyote wa Newala aliyewahi kuanika kanga nyeusi na nyeupe katika kamba moja anajua ni ipi inayokauka kwanza na kwa nini, maana rangi nyeusi hunywa joto la jua na rangi inayong'aa hulitupa. Jua linapochomoza, kijiti cheusi hupata joto kuliko wenzake, hutanuka na kurefuka kidogo sana, na urefu huo mdogo, ukiongezwa kwa wenzo, hutosha kuusukuma mlango wa gesi na kuufunga. Jua likizama, au wingu zito la masika likiifunika mbingu mchana, kijiti hupoa, hunywea, na mlango hufunguka. Dalén alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1912 kwa kazi hizi. Mwaka huohuo, kabla ya kutunukiwa, mlipuko wa asetilini ulimpofusha macho yote mawili, na akaendelea kuiongoza kampuni yake kwa miaka mingine 25 bila kuiona taa hata moja kati ya zile alizowawashia mabaharia wa dunia nzima.

Tukirudi Chumbe kwenyewe, kisiwa hicho hakina chemchemi wala mto, na maji ya kunywa huko hukingwa mvua inaponyesha. Msafiri anayesimama Newala hupata maana ya jambo hilo upesi kuliko mtu wa Unguja mjini, kwa sababu uwanda wa Makonde nao, pamoja na mvua zake, hauna maji juu. Mchanga wake huyameza na kuyatoa chini kabisa, penye mabonde. Karl Weule, mwanaethnolojia wa Leipzig aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, alieleza jinsi Wamakonde walivyokaa juu ya uwanda mkavu na wanawake wakateremka hadi chini kuchota maji. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza katika miaka ya 1950, ulianza kuyapandisha maji hayo kwa pampu kutoka mabondeni, na bado hadi leo nyumba nyingi za Newala zina gata linalopeleka maji ya bati kwenye tangi la uani. Fundi wa pampu ya maji na mtunza taa ni ndugu katika kazi: wote wawili hakuna anayewakumbuka kazi ikienda sawasawa, na wote wawili hutajwa na kila mtu usiku ule inapoharibika.

Newala ina kumbukumbu nyingine inayoiunganisha na maji. Mwaka 1882, Wangoni walioitwa Magwangwara walipoivamia Masasi, Padre Chauncy Maples aliyahamishia makao ya misheni Newala, penye himaya ya Mwenye Matola, na kuishi huko juu kwa miaka kadhaa. Mwaka 1895, akiwa ndiyo kwanza amewekwa wakfu kuwa Askofu wa Likoma, mashua yake ilipinduka katika dhoruba kwenye Ziwa Nyasa naye akafa maji. Meli iliyopewa jina lake ilishushwa ziwani mwaka 1901. Mtu aliyekaa salama juu ya ukingo ambao hauna hata kijito alikuja kumalizwa na maji, na habari hiyo yatosha kumkumbusha yeyote wa bara kwamba bahari na ziwa si mambo ya wengine.

Kutoka Newala njia hupita Tandahimba na kuteremka taratibu hadi Mtwara, na msimu wa korosho barabara hiyo hubeba utajiri wote wa uwanda. Mkulima hukausha korosho juani, huzipeleka kwenye chama chake cha msingi, korosho huingia ghalani na kuuzwa kwa mnada kupitia vyama vikuu, TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, na nyingi husafirishwa zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954 kwa ajili ya mpango wa karanga wa serikali ya Kiingereza, ambao wakati huo ulikuwa umekwisha kuanguka. Reli iliyojengwa kuihudumia, ambayo tawi lake lilifika Masasi, ilifungwa mwaka 1962 na mataruma yake yakang'olewa, bandari ikabaki. Mlango wa kuingilia ni mwembamba na una miamba pande mbili, kwa hiyo meli huongozwa na maboya, ambayo kwa kanuni ya kimataifa inayofuatwa huku ni mekundu kushoto na ya kijani kulia kwa chombo kinachoingia, pamoja na taa za nchi kavu ambazo rubani huzipanga katika mstari mmoja, kwa ufundi uleule wa mnazi na paa la msikiti. Gunia la korosho la Newala halifiki sokoni pasipo taa hizo, na bei yake imo pia ndani ya mwanga ambao mkulima hajawahi kuuona.

Siku hizi meli hujua mahali zilipo kwa setilaiti, na wapo wanaosema kwamba minara imepitwa na wakati. Hoja hiyo haina uzito kwa mvuvi wa ngalawa asiye na chombo cha setilaiti, wala kwa nahodha ambaye chombo chake cha umeme kimezimika usiku wa kusi, naye akainua macho kutafuta kitu kisichohitaji betri yake. Mnara wa Chumbe umesimama hadi leo ndani ya hifadhi ya matumbawe na msitu iliyoanzishwa mwaka 1994, nyumba ya mtunza taa iliyokuwa imebaki gofu imekarabatiwa ikawa mahali pa kupokea wageni, na msikiti wake mdogo bado upo. Beit al-Ajaib haikuwa na bahati hiyo, kwani tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya uso wake iliporomoka, na mnara wa saa ukaanguka nayo. Jengo hudumu likiwa na kazi na mtu wa kulitazama.

Vitabu vinavyoeleza taa za pwani huwataja wahandisi na watawala, huku waliopanda ngazi kila jioni wakiachwa nje. Wazee waliofanya kazi katika bandari ya Mtwara ilipofunguliwa, walioegesha maboya, waliobadilisha mitungi ya gesi, na wale wa Masasi waliopakia mabehewa kabla ya mwaka 1962, waliobaki ni wachache, na wengi wao wamekwisha kupita miaka 80. Walimu wa historia wa Masasi na Newala wawatume wanafunzi wao kwa wazee hao msimu huu, wakiwa na daftari na kalamu, wakaandike majina na kazi za kila mmoja.